Zizi Nililojenga kwa Hasira

Mama mkwe wangu aliniita mwizi nikiwa nimeshika sufuria ya dengu kwa mikono miwili, na ndiyo maana sikumjibu palepale. Sufuria ilikuwa ya moto. Ningefungua mdomo ningeiachia, ingemwagika juu ya kitambaa chake cheupe cha meza cha Jumapili, na mpaka leo watu wangezungumzia kitambaa.

"Saba walitoka ardhini," alisema, akimwangalia mwanawe, si mimi. "Leo wako watano. Kobe hapandi basi. Aliyewachukua anafanya kazi kwa wazungu, na wazungu ndio wanunuzi."

Mezani tulikuwa watatu: yeye Madam Zelia, mume wangu Jourdan, na mimi. Kati ya watatu hao anayefanya kazi kwa wazungu ni mmoja. Nasafisha vyumba kwenye nyumba ya wageni kule Baie Lazare, huu mwaka wa sita.

Nikaweka sufuria chini. Nikamwangalia Jourdan. Jourdan akamwangalia samaki.

"Jourdan, umemsikia mama yako?"

"Mama hajataja jina," akasema.

Hajataja jina! Mwanamume wa miaka arobaini, fundi umeme, anapanda nguzo mvua ikinyesha, lakini mbele ya mama yake hawezi kupanda hata juu ya ngazi moja ya ukweli. Nilikula chakula changu chote siku ile. Nilikula dengu, nikala samaki, nikala chatini ya papa mpaka bakuli likang'aa, kwa sababu nilijua nikiinuka mezani kabla ya wao, itasemwa kwamba mwizi amekimbia.

Sasa niseme ilikuwaje. Madam Zelia ana kobe jike mkubwa anayeitwa Zozefin, aliyepewa na baba yake wa ubatizo siku alipobatizwa, kama watu wengi wa kijiji chetu cha Anse Boileau wa umri wake walivyopewa. Zozefin anaishi nyuma ya nyumba, ndani ya ukuta wa mawe ulio mkubwa kuliko nyumba yenyewe. Mwaka ule alifukia mayai chini ya mshelisheli, na mwishoni mwa Oktoba wakachomoka watoto saba, kila mmoja anakaa kwenye kiganja kama andazi. Madam Zelia alilia kwa furaha. Akachukua rangi yangu nyekundu ya kucha bila kuniuliza, akawaandika namba mgongoni, moja mpaka saba. Mkubwa anaweza kumkanyaga mdogo bila kujua, kwa hiyo akawatengenezea zizi lao pembeni: mbao nne za kitanda cha zamani, zimesimamishwa kwa ubavu, zimepigwa misumari kwenye kona, zimewekwa juu ya udongo. Gunia limetandikwa nusu yake. Basi, kwisha.

Siku ileile nilimwambia. Nilisimama pale na ndoo ya nguo mkononi nikasema, "Mama, hizo mbao zimekaa juu ya ardhi tu. Nyuma yetu ni kinamasi, ardhi hii ni ya kaa. Kaa akichimba chini atatokea ndani."

Alinijibu hivi: "Mimi nimeanza kufuga kobe wewe hujaota meno."

Namba tatu alipotea Jumatano. Namba sita alipotea Jumamosi. Jumapili nikawa mwizi.

Kufikia Jumatatu asubuhi barabara nzima ilijua. Nilisimama dukani kwa Odile kununua mkate, na Odile, ambaye nilimshikia mtoto wake siku ya ubatizo, akaniuliza huku anacheka, "Noeline, hao wadogo wanauzwaje siku hizi, kwa kichwa au kwa uzito?"

"Wewe nikikuuza kwa uzito nitajenga ghorofa," nikamwambia, nikaacha mkate kaunta.

Lakini kazini sikuwa na la kusema. Kubeba watoto wa kobe na kuwauzia wageni si mchezo kwetu, ni jambo la polisi. Msimamizi wangu, mwanamke mpole ambaye hajawahi kunipandishia sauti, aliningoja mlangoni saa za kutoka. Akasema, "Samahani Noeline. Naomba nione begi lako. Si mimi, ni maneno tu yamefika." Nikamfungulia. Kulikuwa na aproni, chanuo, na chupa ya maji. Alipokuwa anaangalia, wageni wawili walipita na taulo zao wakatusalimia. Miaka sita. Nimeokota pete za watu chini ya vitanda nikazirudisha, nimeokota simu, nimeokota meno ya bandia ya mzee mmoja yaliyoviringishwa ndani ya kitambaa. Na leo nafunguliwa begi kwa ajili ya kobe.

Nikamwomba likizo ya siku nne. Akanipa haraka, nadhani kwa aibu.

Nilifika nyumbani, Madam Zelia yuko barazani anachambua dengu.

"Nimechukua likizo," nikamwambia. "Kesho naanza kujenga zizi la wale watano."

"Nani kakutuma?"

"Hakuna. Nitakujengea zizi ambalo hata pepo hataingia. Halafu akipotea mmoja, mama, hata mmoja, uende ukamtafute mwizi mwingine, maana jina langu utakuwa huna pa kulipachika."

"Mwanamke ajenge?"

"Baba yangu alikuwa mwashi. Nilikuwa nachanganya zege wewe unafundisha watoto nyimbo za kanisani."

Akarudi kwenye dengu zake. "Tutaona," akasema.

Jumanne nilianza jua halijapanda mlima. Vyombo vya marehemu baba ninavyo: mwiko, pima maji, nyundo, mtaimbo. Matofali ya saruji yalikuwepo, Jourdan aliyanunua kwa ajili ya kuinulia tangi la maji, yakaota ukungu kwa miaka miwili. Wavu wa waya wenye matundu madogo nilinunua mwenyewe. Kwanza niliwatoa wale watano nikawaweka kwenye beseni la kufulia lenye majani, nikafunika kwa ubao wa dirisha lililovunjika na kuweka jiwe juu. Walikuwa wamekunja nyuso zao kama wazee waliokerwa na kelele. Namba moja alinipiga jicho nikamwambia, "Usiniangalie hivyo, mimi nimetumwa na hasira zangu tu."

Mahali pale alipochagua Madam Zelia hapakuwa pabaya, lazima niseme. Jua la asubuhi linapiga, mchana kivuli cha mndimu kinaingia nusu. Kosa lilikuwa chini. Kwa hiyo niliamua kujenga palepale, nikainua zile mbao za kitanda nizitupe.

Kwenye kona iliyokuwa chini ya gunia, palipokuwa na giza na unyevu, kulikuwa na tundu. Lingeingia ngumi yangu. Mdomoni mwa tundu kulikuwa na vidonge vya tope jipya, bado laini.

Sikuita mtu. Nilichukua sepetu nikachimba kufuata tundu. Liliteremka wima kiasi cha mkono mpaka kiwiko, likakunja kuelekea kinamasi, likaanza kutoa maji. Nililala kifudifudi, nikaingiza mkono wenye glavu ya bustani. Kitu kikanibana kidole. Nikavuta. Alitoka kaa wa kijivu, mpana kama sahani ya chai, gando moja kubwa kuliko lingine, ananing'inia kwenye glavu kama ananidai. Nikamtikisa akaanguka, akakimbilia kinamasini kwa ubavu. Nikarudisha mkono ndani.

Nilitoa matope, nikatoa majani yaliyooza, nikatoa gamba.

Lilikuwa jepesi kama biskuti. Ndani hamkuwa na kitu. Ukingo umetafunwa upande mmoja, lakini mgongoni rangi yangu ya kucha bado inang'aa: sita.

Nilikaa kwenye tope. Kwa muda kidogo hasira ilinitoka, nikabaki na huruma tu, kwa sababu yule mdogo alikuwa na wiki tatu duniani na alimaliza siku zake kwenye shimo lile, anavutwa kwa mguu. Namba sita ndiye aliyekuwa anapenda maua mekundu ya uani. Alikuwa analala na ua mdomoni. Halafu nikasikia nyimbo barazani, na hasira ikarudi yote, na nyongeza.

Ilikuwa Jumanne. Jumanne mchana wanawake wa rozari wanakutana kwa Madam Zelia. Siku ile walikuwa sita, Odile akiwemo, wamezunguka meza yenye sanamu ya Bikira Maria na sahani ya keki ya ndizi. Nilipanda ngazi na viatu vyangu vya tope. Sikunawa. Nilitaka wayaone matope.

"Noeline!" Madam Zelia akasema. "Tunasali!"

"Salini. Mimi nimeleta shahidi."

Nikaliweka gamba mezani, kati ya sanamu na keki. Maji machafu yakatiririka kwenye kitambaa cheupe. Hakuna aliyegusa keki tena siku ile.

"Namba sita huyo," nikasema. "Nimemtoa shimoni kwa kaa, chini ya mbao zako, kwenye kona yenye gunia. Kidole changu hiki hapa, kimebanwa. Shimo lipo, nendeni mkaangalie. Odile, wewe ulitaka kujua wanauzwaje. Muulize kaa."

Odile akajifanya anatafuta shanga zake. Bibi mmoja mzee, Ginette, akafanya ishara ya msalaba akasema, "Masikini ya Mungu." Sijui alikuwa anamwambia kobe au mimi.

Madam Zelia aliokota gamba. Aliligeuza, akalipangusa kwa kidole gumba pale penye namba. Nikafikiri, haya, sasa ndiyo. Sasa atasema. Nilikuwa tayari hata kumsamehe, nakwambia ukweli. Neno moja tu lingetosha.

Akainua kichwa akasema, "Na namba tatu je?"

"Nini?"

"Huyu ni mmoja. Waliopotea ni wawili. Namba tatu yuko wapi?"

Wanawake sita wakaninyanyulia macho kwa pamoja, kama kuku waliosikia mahindi yanamwagwa.

Sikumbuki vizuri nilichosema baada ya hapo. Ginette ananiambia nilisema Madam Zelia aombe sana rozari ile, kwa sababu ataihitaji. Ananiambia nilipiga meza na Bikira akaanguka ubavu, na mimi mwenyewe nikamsimamisha nikamwomba radhi, yeye peke yake. Ninachokumbuka ni kwamba nilirudi uani nikachimba. Nilichimba mpaka mikono ikatoa malengelenge, na malengelenge yakapasuka.

Jioni Jourdan alirudi akanikuta nafunga nywele jikoni, sijapika.

"Nimesikia," akasema.

"Kutoka kwa nani?"

"Kwa Mama. Na kwa Odile. Na kwa dereva wa basi."

"Basi umesikia nimepata gamba."

"Nimesikia." Akafungua sufuria, akaona tupu, akafunika. "Mwache Noeline, ni mzee. Amefiwa na kobe."

"Amefiwa na kobe! Mimi nimefunguliwa begi kazini mbele ya wageni, Jourdan. Jana. Hata hujaniuliza kwa nini nimechukua likizo."

Kumbe alikuwa hajui. Niliona linavyomwingia taratibu, uso ukabadilika rangi.

"Walikufungulia begi?"

"Nenda kamwambie mama yako. Mwambie tu hilo: mke wangu si mwizi. Maneno manne. Uko barabarani kila siku unaongea na waya zenye umeme, huogopi."

Alitoka mpaka barazani. Nikasikia kiti kinasogezwa. Nikasikia Madam Zelia anamwuliza kama amekula, na yeye anajibu bado. Halafu nikasikia wanazungumza habari za tangi la maji.

Alipoingia nikamwambia, "Kesho unaomba ruhusa kazini. Utabeba zege."

Na kweli alibeba. Hilo nimwachie, alibeba bila neno, siku mbili, na kidole gumba alikikata kwenye waya akakifunga kwa utepe wa umeme akaendelea. Lakini mimi sikuwa nataka mbeba zege. Nilikuwa nataka mume anayefungua mdomo.

Zizi lenyewe lilikuwa hivi. Nilichimba mtaro kuzunguka, kina cha kiwiko, na eneo lote la ndani nikalishusha kina kilekile. Chini nikatandaza wavu wa waya, pembe kwa pembe, kingo zake nikazipandisha na kuzizika ndani ya saruji ya ukuta, ili kaa akija kutoka chini akutane na waya popote atakapoelekea. Juu ya waya nikarudisha udongo uliochanganywa na mchanga, wa kutosha wadogo kujifukia wakitaka baridi. Ukuta nikaujenga kwa matofali, si waya. Kobe akiona nje anataka kwenda nje. Atasukuma uso wake kwenye waya siku nzima mpaka pua itoke damu. Asipoona, anatulia. Na kona sikuziacha kona. Nilizijaza saruji nikazizungusha kwa mwiko kama bakuli, kwa sababu wadogo wanapenda kupandiana konani, wa juu anaanguka chali, na aliyeanguka chali juani haoni mchana.

"Zizi au bafu la mfalme?" Madam Zelia akauliza kutoka barazani.

"Bafu la wenye jina safi," nikamjibu bila kugeuka.

"Maji ya kunywa utaweka kwenye sufuria?"

"Sahani ya chungu, nimeizika ipo sawa na ardhi. Maji hayazidi kidevu. Anaingia mwenyewe, anatoka mwenyewe."

"Na panya?"

"Kifuniko kinakuja, mama. Nina mikono miwili tu."

Kifuniko nilikitengeneza kwa fremu ya mbao na wavu uleule, bawaba nyuma, makomeo mawili mbele, moja juu, moja ubavuni, ya kubana na kuzungusha. Nusu yake nikaifunika kwa makuti. Ndani nikapanda mashina ya nyasi, nikaweka chungu kilichopasuka nusu kiwe pango lao, nikatupia mfupa wa ngisi waung'ate, na mawe bapa ya kusagia kucha. Ijumaa saa kumi niliwaingiza wale watano mmojammoja. Namba nne alikwenda moja kwa moja kwenye maji akaingiza kichwa chote. Namba saba alizunguka ukuta wote akitafuta kona, hakupata, akasimama katikati kama mtu aliyeshuka kituo asichokijua.

Lilikuwa zizi zuri. Ningekuwa na furaha ningelifurahia.

Jumatatu iliyofuata alikuja afisa wa idara inayotoa vibali vya kobe, msichana mmoja mrefu, Bi Esparon, na kofia na ubao wa kuandikia. Madam Zelia alikuwa ameripoti wiki ileile ya kuanguliwa kwamba amepata saba. Mimi nilikuwa zamu ya jioni, kwa hiyo nilikuwepo, na Jourdan pia alikuwepo, kidole bado kimefungwa.

Bi Esparon alipiga magoti akalikagua zizi kwa muda mrefu. Aliingiza mkono, akachimba kidogo kwa kidole mpaka akagusa waya, akacheka peke yake.

"Nani fundi?" akauliza.

"Mkwe wangu," Madam Zelia akasema, kama anayetema kokwa.

"Nimeshaona mazizi mengi kisiwa hiki. Chini watu hawaweki kitu." Akafungua karatasi zake. "Sasa, hapa nina saba. Naona watano. Wawili wamekwendaje?"

Nilikunja mikono. Nikasema moyoni, haya mama, jukwaa ni lako.

"Mmoja ameliwa na kaa," Madam Zelia akasema. "Gamba ninalo."

"Na wa pili?"

Akaanza kuokota majani makavu juu ya kifuniko.

"Madam, lazima niandike kitu," Bi Esparon akasema kwa upole. "Kama aliibwa, naandika ameibwa, karatasi inakwenda polisi, na polisi watakuja kuuliza unamshuku nani, na utaweka sahihi. Kama ameliwa, naandika ameliwa, utaweka sahihi vilevile. Lakini siwezi kuacha wazi."

Madam Zelia alimwangalia Jourdan. Nadhani alizoea kwamba hapo ndipo Jourdan anapoangalia chini. Lakini safari hii Jourdan hakuangalia chini.

"Mama," akasema, "sema ukweli. Ukiandikisha wizi, nitasema mbele ya polisi kwamba mke wangu hakuchukua kitu. Na nitasema kuhusu zile mbao, na kwamba alikuonya."

Siku nane. Ilimchukua siku nane na afisa wa serikali. Lakini alisema.

"Andika ameliwa," Madam Zelia akasema.

"Wote wawili?" nikauliza mimi.

"Nimesema andika."

"Bi Esparon hajasikia vizuri, mama. Kuna upepo. Wote wawili?"

"Wote wawili!" akapiga kelele. "Wote wawili wameliwa na kaa! Umefurahi?"

"Hapana," nikamwambia.

Akaweka sahihi. Kalamu ilichana karatasi kidogo. Nilimwomba Bi Esparon nakala, akaniangalia, nadhani akaelewa kitu, akaiandika upya kwa mkono na kuigonga muhuri. Nikaipeleka kazini kesho yake nikaiweka mbele ya msimamizi wangu. Alisoma, akaona haya, akasema hakuwahi kuamini. Nikamwambia kama hakuamini, aliangalia nini ndani ya begi? Kisha nikaipeleka dukani kwa Odile nikamwambia aisome kwa sauti, watu wakiwa foleni ya mkate, na yeye akaisoma, maana alijua sitaondoka.

Madam Zelia hakuniomba radhi. Si siku ile, si wiki ile. Aliacha tu kuzungumza habari za kobe mezani, tukala kimya, watu watatu na vijiko. Mwishoni mwa Novemba nikamwambia Jourdan nimepata nyumba ya kupanga kule Les Canelles, vyumba viwili, na naondoka tarehe mosi, yeye aamue. Alikuja. Alibeba kitanda mgongoni huku mama yake amesimama barazani amefunga mikono. Wakati wa kuagana Madam Zelia alinipa shavu nibusu, kwa sababu majirani walikuwa wanatazama.

Halafu Januari ikaja na mvua zake. Ilinyesha siku tatu bila kupumua. Jumapili asubuhi simu ikalia.

"Zizi lako limejaa maji," Madam Zelia akasema, bila hata salamu.

"Zizi lako."

"Aliyejenga nani? Wanaogelea. Kobe wa nchi kavu haogelei, Noeline."

"Watoe uwaweke kwenye beseni."

"Nimeshawatoa. Njoo."

Nikakata simu. Nikatukana peke yangu jikoni, matusi ambayo baba alikuwa anaitukania saruji iliyoganda. Kwa sababu nilijua tatizo ni nini. Nilijua tangu aliposema neno maji. Ukuta umezibwa pande zote, chini kumejaa udongo uliokandamizwa, na mimi, binti wa mwashi, sikuacha tundu la kutolea maji upande wa mteremko. Nilikuwa na hasira sana wakati najenga, nikaziba kila kitu.

Nilipanda basi na nyundo na patasi kwenye mfuko. Nilipofika, nilipita moja kwa moja mpaka nyuma. Kweli, zizi lilikuwa dimbwi, chungu kinaonekana mgongo tu. Nikapiga magoti upande wa chini nikaanza kuchonga tofali. Mvua ilinishuka shingoni ikaingia mgongoni.

Madam Zelia alitoka nyumbani na mwavuli wake mkubwa mweusi wa kwenda kanisani. Akaja mpaka pale nilipo, na beseni kiunoni. Akaweka beseni juu ya jiwe. Akaufungua mwavuli akaushika juu ya beseni.

Niligeuka nikamwangalia. Maji yananiingia machoni.

"Mama. Mimi nalowa."

"Wewe mtu mzima," akasema. "Hawa bado wadogo."

Nikarudi kupiga patasi. Nilipiga mpaka tofali likatoboka, maji yakaruka nje kahawia, yakanilowesha kifua, yakaanza kuteremka kuelekea kinamasi. Nikachukua kipande cha wavu nilichokuja nacho nikakikunja nikakipachika kwenye tundu, nikakibana kwa vipande vya saruji.

"Tundu hilo ulilisahau," akasema juu ya kichwa changu.

"Nililisahau. Kosa langu. Nilikosea." Nikafuta uso kwa kiwiko. "Umesikia, mama? Hivyo ndivyo watu wanavyosema. Halafu ardhi haipasuki."

Maji yaliendelea kushuka. Ndani ya zizi nyasi zilianza kuonekana, zimelala upande mmoja.

"Namba tatu," akasema baadaye, "ndiye niliyempenda kuliko wote. Ndiye wa kwanza kutoka."

"Na mimi nililipenda jina langu," nikamjibu.

Alibaki ameshika mwavuli. Ulikuwa mzito kwake, ni mzee kweli, lakini hakuushusha, na sikumpokea. Maji yalipokwisha nilitifua udongo kwa vidole, nikarudisha chungu, nikakausha sahani, nikawatoa wadogo kwenye beseni mmojammoja nikawaweka upande wenye makuti. Namba zao zilikuwa zinaanza kufutika. Nikafunga komeo la juu, nikafunga la ubavuni.

"Kuna chakula," akasema. "Nimepika shelisheli na samaki wa chumvi."

"Nawahi basi."

"Basi la Jumapili liko saa nane. Sasa hivi saa sita."

"Nalijua, mama."

Nikachukua nyundo yangu, nikaenda kusimama kituoni, saa mbili nzima, nimelowa mpaka mifupani.